Kipi kitaisha kwanza? Mwongozo kamili wa kukokotoa zao la mmenyuko kwa kitendanishi kikomo

Shangazi yangu alipika sabuni, ikawasha. Ukifulia nguo mbili tatu vidole vinakauka na ngozi inavutana kana kwamba umeshika chokaa. Vipimo vilikuwa vile vile alivyovitumia miaka yote: kilo 2 za mafuta, gramu 348 za kostiki soda, maji. Kilichobadilika ni kimoja tu. Mafuta ya nazi yalipanda bei, naye akaweka mawese, uzito ule ule.

"We si ulisoma kemia?" akaniuliza. "Haya, nambie kilichoharibika."

Kilichoharibika ndicho wanachokutana nacho wanafunzi wa Kidato cha Tatu wakifika kwenye moli, na wengi wao hukipita kwa kukariri: kitendanishi kikomo. Sabuni ya shangazi nitairudia mwishoni, kwa sababu hesabu yake inadai zana zote zilizo hapa katikati. Uwe na karatasi, kikokotoo na jedwali la elementi.

Kwanza, bajaji

Fundi ana bodi 10 za bajaji na matairi 24. Ataunda bajaji ngapi? Kila bodi inataka matairi matatu, na 24 ukigawa kwa 3 unapata 8. Basi ni bajaji nane, na bodi mbili zitakaa pembeni bila kazi. Matairi yalikuwa mengi kuliko bodi, lakini ndiyo yaliyoisha kwanza.

Aliyeelewa hapo ameshaelewa nusu ya somo. Wingi peke yake haukwambii kitu. Unaulinganisha na mahitaji. Katika kemia, kile kinachoisha kwanza na kuusimamisha mmenyuko ndicho kitendanishi kikomo, na kile kinachobaki ni kitendanishi cha ziada. Kiasi cha zao, yaani kile kinachotengenezwa, huamuliwa na kikomo peke yake. Fundi hata ukimwongezea bodi mia, bajaji zitabaki nane.

Naona tatizo la wanafunzi wetu wengi si hesabu. Sekondari wanasoma kemia kwa Kiingereza, wanakariri hatua kwa lugha ambayo hawaiwazii, kisha swali likipinduliwa kidogo wanapotea. Mtoto yule yule ukimuuliza habari ya bodi na matairi, anakujibu kabla hujamaliza sentensi.

Hatua ya kwanza: mlinganyo uliosawazishwa

Tuchukue jaribio la kawaida la maabara ya shule. Umeweka gramu 2.5 za vipande vya marumaru (kaboneti ya kalsiamu) ndani ya chupa, ukamimina sentimita za ujazo 40 za asidi ya hidrokloriki yenye ukolezi wa moli 1.0 kwa lita. Itatoka kaboni dayoksaidi kiasi gani?

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Hesabu atomi kila upande kabla ya kugusa kikokotoo. Kalsiamu 1 na 1, kaboni 1 na 1, oksijeni 3 na 3, haidrojeni 2 na 2, klorini 2 na 2. Ile 2 mbele ya HCl inafanya kazi ya yale matairi matatu: inasema kila kaboneti moja inadai asidi mbili. Ukiisahau, kila kitu kinachofuata kitaharibika, na hutajua, kwa sababu kikokotoo hakilalamiki.

Hatua ya pili: geuza kila kitu kuwa moli

Hapa ndipo watu wengi hujikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mlinganyo unahesabu chembe, haupimi uzito. Unasema "moja ya hii na mbili za ile". Mizani yako inasoma gramu, na gramu za vitu viwili tofauti hazina idadi sawa ya chembe, kama vile kilo ya maembe isivyo na idadi sawa na kilo ya zambarau. Moli ni jina la idadi, basi. Dazeni ni 12, korija ni 20, moli ni 6.022 × 10²³. Ni kubwa kupita kiasi kwa sababu chembe ni ndogo kupita kiasi.

Njia ya kuifikia moli inategemea kitu chako kipo katika hali gani. Kigumu unakipima kwa gramu, kisha unagawa kwa masi ya moli moja, ambayo unaipata kwa kujumlisha masi za atomi kutoka kwenye jedwali. Mmumunyo unazidisha ukolezi kwa ujazo, na ujazo huo uwe katika lita. Asiyegeuza sentimita za ujazo kuwa lita atapata jibu kubwa mara elfu. Gesi kwenye joto la kawaida la chumba unagawa lita zake kwa 24. Kama swali limetaja nyuzi 0 za Selsiasi na kanieneo ya kawaida ya hewa, tumia 22.4.

Kwa marumaru yetu: kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni tatu 48, jumla gramu 100 kwa moli.

2.5 ÷ 100 = moli 0.025 za CaCO₃

Kwa asidi: sentimita za ujazo 40 ni lita 0.040.

1.0 × 0.040 = moli 0.040 za HCl

Usikimbilie kusema marumaru itaisha kwanza kwa kuwa 0.025 ni ndogo kuliko 0.040. Hiyo ni sawa na kusema bodi zitaisha kwa sababu ni 10 na matairi ni 24.

Hatua ya tatu: gawa kwa namba ya mbele

Kila moli uliyopata igawe kwa namba iliyo mbele ya kitu hicho kwenye mlinganyo.

CaCO₃: 0.025 ÷ 1 = 0.025
HCl: 0.040 ÷ 2 = 0.020

Jibu dogo ndilo kikomo. Ni asidi. Hata ungekuwa na vitendanishi vitatu au vinne, utaratibu ni huo huo: gawa, linganisha, chagua ndogo kabisa. Vitabu vingine hufundisha kukokotoa zao mara mbili, mara moja kwa kila kitendanishi, kisha kuchukua jibu dogo. Inafika pale pale, ila ni ndefu, na kwenye chumba cha mtihani urefu ni nafasi ya kukosea.

Onyo dogo: namba hii iliyogawanywa ni ya kulinganishia na ya kukokotolea zao. Asidi uliyonayo bado ni moli 0.040.

Hatua ya nne: zao

Chukua ile namba ndogo, 0.020, uizidishe kwa namba iliyo mbele ya zao unalolitaka. Mbele ya CO₂ kuna 1.

0.020 × 1 = moli 0.020 za CO₂

Masi yake ni 0.020 × 44 = gramu 0.88. Ujazo wake kwenye joto la chumba ni 0.020 × 24 = lita 0.48, yaani sentimita za ujazo 480. Ukitaka kuikusanya gesi hiyo, sirinji ya sentimita za ujazo 100 haitakutosha.

Hatua ya tano: kinachobaki, na ukaguzi

Swali likiuliza zao tu, wanafunzi huishia hapo juu. Mimi humlazimisha mwanafunzi aandike na kilichobaki, hata kama hakikuulizwa. Nje ya darasa, kinachobaki ndicho kinachokuletea balaa au hasara.

Asidi moli 0.040 imetumia kaboneti moli 0.020. Kaboneti ilikuwa 0.025, imebaki 0.005, ambayo ni gramu 0.5. Na hii utaiona kwa macho: mapovu yanapungua, yanakoma, na chini ya chupa kuna vijiwe vimetulia tuli. Ungekuta kimiminika kitupu bila kijiwe, ungejua hesabu yako au kipimo chako kina walakini.

Sasa kagua kwa masi. Kilichotumika: kaboneti gramu 2.0 na HCl 0.040 × 36.5 = gramu 1.46, jumla 3.46. Kilichopatikana: CaCl₂ 0.020 × 111 = gramu 2.22, maji 0.020 × 18 = gramu 0.36, gesi gramu 0.88, jumla 3.46. Zimelingana. Zikitofautiana kwa zaidi ya tarakimu ya mwisho, rudi ukatafute ulipoteleza. Mara nyingi utakuta ni kule kwenye kusawazisha. Na usikadirie namba katikati ya safari. Acha tarakimu zote kwenye kikokotoo, kadiria mwishoni.

Ukitaka kuona kwa macho: chupa tatu na maputo matatu

Hili unaweza kulifanya jikoni. Tafuta siki nyeupe yenye asilimia 5, magadi soda ya kupikia (ile pakiti ya unga mweupe, si magadi ya mawe), chupa tatu za maji, maputo matatu na mizani ndogo.

NaHCO₃ + CH₃COOH → CH₃COONa + H₂O + CO₂

Kila chupa itie mililita 60 za siki. Humo mna asidi ya asetiki kama gramu 3.0, na masi ya moli ni 60, kwa hiyo moli 0.05. Magadi soda ni gramu 84 kwa moli. Tia gramu 2.1 kwenye puto la kwanza, 4.2 la pili, 8.4 la tatu, ambazo ni moli 0.025, 0.05 na 0.10. Vika maputo kwenye midomo ya chupa bila kumwaga unga, kisha yainue yote pamoja.

Puto la kwanza litajaa kidogo. La pili litajaa takriban mara mbili ya lile. La tatu, lenye unga maradufu ya la pili, litakuwa sawa na la pili. Watoto hubisha kabisa mpaka waone. Siki ilikwisha, na unga uliobaki hauna wa kumenyuka naye. Kwa hesabu, puto la pili na la tatu yangepata kama lita 1.2 kila moja. Kwa kweli yatapata pungufu, maana gesi nyingine huyeyuka ndani ya maji na puto lenyewe linabana.

Uchafu unapogeuza jibu

Mfano huu naupenda kuliko yote, kwa sababu kikomo kinahama upande bila mlinganyo kubadilika.

Kabla ya umeme kutumika kutengeneza kostiki soda (NaOH), watu waliipata kwa kuchanganya majimaji ya magadi na chokaa iliyozimwa, na viwanda vingi vya karatasi bado hutumia mmenyuko huo huo ndani ya mzunguko wao:

Na₂CO₃ + Ca(OH)₂ → 2NaOH + CaCO₃

Jihadhari na neno "magadi", maana hubeba vitu zaidi ya kimoja. Ya kupikia ya pakiti ni NaHCO₃. Magadi ya mawe, kama yanayochimbwa Ziwa Magadi huko Kenya, ni trona: ndani yake mna kaboneti, bikaboneti na maji pamoja. Kiwandani huchomwa, maji na kaboni dayoksaidi hutoka, na inabaki kaboneti ya sodiamu. Gramu 100 za trona safi huacha kama gramu 70 tu. Anayeweka trona kwenye hesabu akiiita Na₂CO₃ amejidanganya kwa karibu theluthi.

Tuseme tunayo Na₂CO₃ safi gramu 530 na chokaa iliyozimwa gramu 400. Masi za moli ni 106 na 74.1.

Na₂CO₃: 530 ÷ 106 = moli 5.00
Ca(OH)₂: 400 ÷ 74.1 = moli 5.40

Namba za mbele zote ni 1, kwa hiyo kikomo ni kaboneti, ingawa kwenye mizani ndiyo iliyokuwa nzito zaidi. Kostiki itakayopatikana ni 5.00 × 2 = moli 10.0, na kwa kuwa moli moja ya NaOH ni gramu 40, ni sawa na gramu 400. Chokaa itabaki moli 0.40, kama gramu 30.

Ila chokaa ya dukani si safi. Imekaa, imevuta hewa, sehemu yake imerudi kuwa kaboneti ya kalsiamu, na mchanga haukosekani. Tuseme usafi wake ni asilimia 90. Gramu 400 sasa zina Ca(OH)₂ gramu 360 tu.

360 ÷ 74.1 = moli 4.86

Imeshuka chini ya 5.00. Sasa chokaa ndiyo kikomo. Kostiki ni 4.86 × 2 × 40, kama gramu 389, na kinachobaki si chokaa tena bali kaboneti ya sodiamu, gramu 15, imeyeyuka humo humo ndani ya kostiki yako. Chokaa iliyozidi ingetulia chini karibu yote, ungeichuja. Kaboneti iliyozidi huwezi kuichuja. Ndiyo sababu anayetaka kostiki safi huongeza chokaa kidogo kupita mahitaji kwa makusudi: anachagua mwenyewe kipi kiishe.

Basi usafi unaingia kabla ya moli. Zidisha gramu kwa asilimia ya usafi, kisha ndiyo ugawe kwa masi ya moli. Ukiuweka mwishoni, kwa kupunguza asilimia 10 kwenye jibu la gramu 400, utapata 360 badala ya 389, na utakuwa umekosea hata jina la kikomo.

Mavuno

Gramu 389 ni mavuno ya kinadharia, yaani yale yanayotoka kwenye hesabu. Ukichuja, ukakausha, ukapima, hutazipata zote. Mmenyuko huu haufiki mwisho kabisa, na tope la kaboneti ya kalsiamu hushika majimaji yenye kostiki usipolisuuza. Ukipata gramu 350:

350 ÷ 389 × 100 = asilimia 90

Mgawanyo huo hufanywa dhidi ya mavuno yanayotokana na kikomo, si dhidi ya kitu kingine chochote. Jibu likizidi 100, zao lako lina maji au uchafu.

Sabuni ya shangazi

Molekuli moja ya mafuta humenyuka na NaOH tatu, ikatoa sabuni tatu na gliserini moja. Moli moja ya mafuta basi inadai kostiki 3 × 40 = gramu 120. Mafuta ni mchanganyiko, hayana masi moja kamili, lakini wapika sabuni wana namba za wastani: gramu moja ya mafuta ya nazi hudai kostiki kama gramu 0.183, ya mawese kama 0.142. Ukigawa 120 kwa namba hizo unapata masi ya wastani ya moli: nazi kama gramu 656, mawese kama 845.

Molekuli za nazi ni nyepesi zaidi. Kilo 2 za nazi zina moli 3.05, kilo 2 za mawese zina moli 2.37 tu. Mizani ilisema ni sawa, mlinganyo ukasema si sawa.

Kostiki gramu 348 ni moli 8.70. Gawa kwa 3, unapata 2.90.

Kwa nazi: 2.90 ni ndogo kuliko 3.05, kikomo ni kostiki. Mafuta yanabaki moli 0.15, karibu gramu 100, asilimia 5. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakilainisha mikono miaka yote, na shangazi alikuwa akikokotoa kikomo bila kujua jina lake.

Kwa mawese: 2.37 ni ndogo kuliko 2.90, kikomo kimekuwa mafuta. Kostiki iliyotumika ni 2.37 × 3 × 40 = gramu 284. Zilizobaki ni 348 − 284 = gramu 64, ndani ya mche wa sabuni.

Nilipomwonyesha ile 64, aliitazama kidogo. "Sasa niitupe?"

Hapana. Tuligeuza hesabu: kostiki tayari ni gramu 348, tunatafuta mawese ya kuitosha yote na kubakiza asilimia 5. Kila gramu ya mawese tuihesabie 0.142 × 0.95 = 0.135 ya kostiki.

348 ÷ 0.135 = kama gramu 2,580 za mawese

Kilo 2 zimo tayari, kwa hiyo tuliongeza gramu 580. Sabuni tuliikwangua kwenye mbuzi, tukaipasha taratibu na maji kidogo kwenye chombo cha chuma kisichoshika kutu. Sufuria za alumini tuliziweka mbali, maana kostiki huzila na kutoa haidrojeni. Tulivaa glavu na miwani, tukakoroga mafuta ya nyongeza mpaka yakakamata. Ukiyeyusha kostiki mpya, yenyewe ndiyo inayotiwa ndani ya maji, kamwe si maji juu yake, na ikikurukia osha kwa maji mengi ya bomba, usihangaike na siki.

Sabuni ilikaa rafuni wiki nne. Mche wa kwanza alifulia mwenyewe.